Meli ya usiku kutoka Bukoba hadi Mwanza, wiki ya Mei 21

Kwa mtu wa Kagera si rahisi kuipima huduma ya MV Victoria kama anavyolipima basi au nyumba ya wageni, kwa kuwa njia inayopita ndiyo iliyopitwa na MV Bukoba usiku wa kuamkia Mei 21, 1996, kabla ya kupinduka na kuzama asubuhi karibu na Mwanza, na kila tarehe hiyo inaporudi zipo nyumba nyingi mkoani kwetu zinazomkumbuka mtu ambaye hakuteremka gatini Mwanza. Nilipanda meli hii kwenda kwenye kumbukumbu ya mwaka huu, nikakata tiketi ya daraja la tatu kwa makusudi, na sehemu kubwa ya tathmini yangu inahusu jambo ambalo abiria wengi hulipita bila kulitazama, yaani orodha ya abiria.

MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430. Orodha iliyopatikana baada ya ajali ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili peke yao, wakati wale wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo na kukaa popote palipopatikana nafasi, hawakuwa wameorodheshwa kabisa. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, wengine wakisema mia nane na ushei, wengine wakifika elfu moja. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, na taifa zima likalia, lakini lililia watu ambao sehemu yao haikujulikana hata kwa majina. Mama yangu mdogo alikuwa miongoni mwa hao wa daraja la tatu. Mwili wake haukupatikana, karatasi ya kuthibitisha kwamba alipanda haikuwapo, na ukoo ulianua tanga bila kuzika. Aliyekuwa na fedha za kitanda aliandikwa. Mchuuzi wa ndizi hakuandikwa.

Kwa sababu hiyo, nilipofika dirishani nilikuwa makini kupita kiasi. Niliulizwa jina kamili na namba ya simu, nikaonyesha kitambulisho, na jina langu likachapwa kwenye tiketi ya daraja la tatu sawasawa na lilivyochapwa kwenye tiketi ya mwenzangu aliyelipia kitanda. Langoni tiketi zilikaguliwa upya kabla ya mtu kuruhusiwa kupanda. Foleni ilikwenda polepole, na kijana mmoja alianza kunung'unika kwamba watu wanacheleweshwa bure, ndipo mzee aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Waache waandike, mjukuu wangu." Hakuongeza neno, na kijana hakuuliza. Mimi naihesabu foleni hiyo kuwa sehemu bora ya huduma niliyoipata safari nzima.

Jambo la pili nililolitazama ni mzigo. MV Victoria ni meli ya zamani, kongwe kuliko MV Bukoba yenyewe, ila ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Bandari ya Kemondo, ambako meli hupitia baada ya kutoka Bukoba, ndipo mahali pa kuipima. Katika safari ile ya mwaka 1996 meli ilipitia hapo na kuongeza watu na shehena wakati tayari ilikuwa imejaa, na kila Mhaya mwenye umri wa kutosha amesimuliwa jinsi ilivyoinamia upande. Safari hii mikungu ya ndizi ilipakiwa na mabaharia waliokuwa wakielekeza kila rundo liwekwe wapi, na meli ilipoondoka ilikuwa wima kabisa. Huenda msomaji wa Dar es Salaam ataona ajabu mtu kusifia meli kwa kukaa wima, lakini sisi hilo ndilo tunaloanza kulitazama.

Starehe si ya kueleza sana. Daraja la tatu ni viti, gumzo, watoto wanaolia na redio ya mtu asiyejali, na upepo wa ziwa baada ya usiku wa manane unahitaji koti zito. Mwenye kupenda usingizi alipie kitanda. Tangazo kuhusu jaketi okozi lilitolewa. Waliolisikiliza walikuwa wachache, na kosa hilo ni letu abiria.

Asubuhi meli hukaribia Mwanza na kupita maji ya jirani na Bwiru, ambako MV Bukoba ilipinduka. Ilielea kwanza ikiwa kichwa chini, na ndani yake walikuwamo watu walio hai; ilipotobolewa ili waokolewe, hewa ilitoka na meli ikazama nao. Sioni haja ya nahodha kutangaza lolote mahali hapo. Anayekwenda kuuza kahawa au kumwona daktari hapaswi kubebeshwa msiba wa watu wengine alfajiri, na wenye msiba wao hawahitaji kukumbushwa.

Sifa hizi naziwekea mpaka. Nimezungumzia meli kubwa ya njia kubwa, na Ziwa Victoria lina vivuko na mitumbwi mingi isiyo na dirisha la tiketi lenye kuandika majina. MV Nyerere, iliyozama karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, ilikuwa ya watu 101, na waliokufa walizidi 220. Miaka ishirini na miwili baada ya MV Bukoba, bado watu walihesabiwa baada ya kuopolewa.

Kwa anayetaka kufika kwenye makaburi ya pamoja ya waliokufa katika MV Bukoba, yaliyoko Igoma, daladala za Igoma zinapatikana mjini Mwanza, na ni vyema kwenda mapema kwa sababu siku ya kumbukumbu watu huwa wengi. Kwa anayesafiri na mtoto mchanga, asisitize dirishani jina la mtoto liandikwe, hata kama hatakiwi kumlipia nauli.