Marantz AV8801 yangu imezeeka: niibadilishe au nibaki nayo?

Marantz AV8801 ni prosesa ya sinema ya nyumbani, isiyo na amplifaya ndani yake. Ilitangazwa mwishoni mwa 2012 ikiwa ndiyo kinara wa kampuni hiyo: chaneli 11.2 (spika 11 na sabufa 2, yaani spika za besi), matundu ya XLR nyuma (ya waya nene za sauti za kitaalamu), na kile kidirisha cha duara mbele ambacho ukishusha kifuniko cha chini unakuta skrini kubwa zaidi imejificha. Yangu niliinunua mtumba, toleo la volti 230, na inaendesha amplifaya ya MM8077 yenye chaneli 7 za wati 150. Haijawahi kunisumbua, na hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu. Ingekuwa mbovu ningeshaitoa zamani.

Shida yake ni mwaka iliozaliwa. HDMI 2.0, toleo jipya la njia ya waya ya picha na sauti, ilitangazwa Septemba 2013, na Dolby Atmos, mfumo wa sauti zinazotoka hata juu ya kichwa, ikaingia majumbani 2014, wakati AV8801 imeshatoka kiwandani. Inapitisha 4K, lakini ya HDMI 1.4, yaani mwisho picha 30 kwa sekunde, tena bila HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili filamu za 4K) wala HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi). Ukichomeka deki ya 4K Blu-ray kupitia humo, ama inakushushia picha hadi 1080p, ama TV inabaki nyeusi.

Wengi wakifika hapo wanaipeleka sokoni. Ya nini haraka? Hakuna sheria inayosema picha lazima ipite kwenye prosesa. Deki yangu ni Panasonic UB820, ina matundu mawili ya HDMI: moja linapeleka picha kwenye TV, la pili linapeleka sauti tupu kwenye prosesa. Atmos ya kwenye diski husafiri ndani ya TrueHD, muundo wa sauti wa Dolby usiopunguza ubora, na prosesa isiyoijua Atmos huisoma kama TrueHD ya 7.1 (spika 7 na sabufa 1) bila kulalamika. Sauti zilizokusudiwa ziwe juu zinakuja zimechanganywa kwenye spika za chini, kwa hiyo unazisikia zote, ila hazitoki mahali pake. King'amuzi na filamu za intaneti zinapita kwenye TV, sauti inarudi kwenye prosesa kwa ARC, yaani kupitia waya wa HDMI kutoka kwenye TV. Nimeishi hivyo kwa raha kabisa.

Kilichonitia hamu ni rafiki yangu wa Tabata, aliyerudi kutoka Dubai na Denon AVR-X3800H. Hiyo ni risiva, ina amplifaya zake 9 ndani, lakini inachakata chaneli 11.4 na ina matundu ya kutolea sauti kwa kila chaneli, kwa hiyo unaweza kuitumia kama prosesa. Fundi aliyekuwa amfungie spika alichelewa, basi akaniazima.

Nikaichomeka kwenye MM8077 yangu, spika zile zile 7, sabufa zile zile. Denon haina XLR, nikatumia waya za kawaida za RCA. MM8077 inapokea zote mbili, na kwa waya fupi sikusikia mvumo wowote. Vifaa vyote viwili vinapima chumba kwa Audyssey MultEQ XT32, mfumo ule ule, ingawa vimepishana miaka mingi. Nikapima upya kwa kila kimoja, nikasawazisha ukubwa wa sauti, nikamwita mke wangu ambaye ugomvi huu haumhusu. Hakuweza kusema ipi ni ipi. Mimi nilijidai naweza, nikawa nabahatisha. Kwa hiyo yale maneno ya wauzaji kuhusu chipu mpya za sauti nayaacha pale pale dukani.

Kisha tukafunga spika ndogo nne ukutani karibu na dari, mbili mbele na mbili nyuma. Hapo hapakuwa na ubishi. Chukua mvua peke yake. Kwenye 7.1 inakuzunguka, kwenye 7.1.4 (hiyo 4 ni spika za juu) inapiga juu ya bati. Nisichokitarajia ni kwamba maneno ya wahusika waliosimama chini ya mvua hiyo yalisikika wazi zaidi, kwa sababu ile kelele imeondoka kwenye spika za mbele ikapewa pa kukaa. Mke wangu safari hii hakusubiri kuulizwa.

Jambo la pili ni dogo kwa macho lakini kwangu lina uzito: programu ya simu ya Audyssey, MultEQ Editor. Inafanya kazi na vifaa vya kuanzia 2016, AV8801 imebaki nje. Audyssey kwa kawaida yake hushusha kidogo sauti karibu na 2 kHz, eneo lile lile la sauti za watu. Kwenye kifaa changu njia ya kulikwepa hilo ni kuchagua mpangilio wa Flat, lakini Flat inaondoa pia ule mteremko unaopunguza sauti nyembamba kabisa, na twita zangu (spika ndogo za sauti nyembamba) ni kali, zinachoma masikio. Kwenye programu nilizima hilo bonde la 2 kHz peke yake, mteremko wa juu nikauacha, na marekebisho ya chumba nikayaishiza 500 Hz ili spika zibaki na tabia yake. Nilikuwa nimeitamani nafasi hiyo muda mrefu.

Sasa fedha. X3800H ilizinduliwa Marekani kwa dola 1,699. Marantz AV10, yenye chaneli 15.4 na XLR kila mahali, ilizinduliwa kwa dola 7,000. Weka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, halafu kaa chini unywe maji. Jamaa wa Marekani watakuambia kwao mtumba ni rahisi, na ni kweli, lakini mashine za kule ni za volti 120. Utanunua transfoma ya kushusha umeme na kuilinda kama yai. Za Dubai zinakuja na umeme wetu na plagi yetu ya pini tatu.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki tundu hata moja kwenye dari, baki na AV8801. Fedha hiyo tia kwenye sabufa ya pili, zulia zito na mapazia. Vyumba vyetu vya Dar vina vigae chini na madirisha makubwa ya alumini. Piga kofi usikie linavyolia. Mlio huo hauondolewi na prosesa ya dola 7,000. Anayetaka kubaki na Marantz na XLR bila kufika huko kwenye AV10, atafute AV8802 ya 2015, inasoma Atmos. Ila ahakikishe ina herufi A mwishoni au imeshabadilishwa bodi, kwani za mwanzo zilitoka bila HDCP 2.2.

Mimi dari yangu inafumuliwa kwa vyovyote, bati linavuja. Fundi ameniambia, “Bosi, waya zipite sasa, nikishafunga jipsamu usinipigie simu.” Basi nimeagiza X3800H. MM8077 itaendelea kubeba spika 7 za chini, amplifaya za ndani ya Denon zitabeba nne za juu. AV8801 ameshaiomba shemeji yangu wa Morogoro, ambaye amepanga. Nitampa na maelekezo yote ya kuunganisha deki ya matundu mawili. Deki yenyewe atanunua yake.