Uzoefu wangu: taa ya breki iliyowaka, breki ya mkono isiyoachia, na kebo mpya nilizofungiwa

Natoa tathmini hii kuhusu huduma ya gereji iliyonibadilishia kebo za breki ya mkono na pedi za mbele, na pia kuhusu kebo zenyewe, ambazo sasa nimezitumia kwa muda wa kutosha kuijua tabia yake. Gari langu lina breki za diski mbele na za drami (ngoma inayobanwa kwa ndani) nyuma, na breki yake ya mkono ni ya leva na kebo za chuma. Mwenye gari lenye breki ya mkono ya umeme asizifuate hatua ninazozieleza hapa kama zilivyo, kwa kuwa mfumo huo hutakiwa kwanza kuwekwa katika hali ya matengenezo, na anayelazimisha pistoni (kipande kinachosukuma pedi) kurudi bila kufanya hivyo anaweza kuharibu mota yake.

Dalili zilikuwa mbili. Taa nyekundu ya breki iliwaka kidogo kila nilipokata kona au kukanyaga breki, kisha ikazimika gari liliponyooka. Wakati huohuo gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likitoa joto na harufu ya kuungua, na gari lilikuwa zito kuondoka, hasa lilipokuwa limeegeshwa muda mrefu huku breki ya mkono imevutwa. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilizichukua dalili hizo kuwa ni tatizo moja. Walisema swichi iliyo chini ya leva imeharibika, wakapendekeza waibadilishe na kuongeza mafuta ya breki. Sikuridhika, kwa sababu swichi haiwezi kulipasha gurudumu joto, na nikaondoka bila kuwaruhusu kufungua chochote.

Fundi wa gereji ya pili, ambaye ndiye ninayemsifu hapa, alianza kwa kunieleza taa ile inapata habari zake wapi. Katika magari mengi kama langu, taa hiyo husikiliza sehemu mbili: swichi ya leva, ambayo hujua tu kama leva imeinuliwa au imeshushwa, na boya lililomo ndani ya kopo la mafuta ya breki, ambalo hushuka pamoja na mafuta. Hakuna kipimo chochote kilichofungwa kwenye gurudumu kuangalia kama breki ya mkono imeachia. Kwa hiyo leva inaweza kushuka hadi chini, swichi ikaridhika na taa ikazimika, huku kebo ikiwa imekwama ndani ya ganda lake na gurudumu bado limebanwa. Maelezo hayo peke yake yalistahili safari yangu, kwa maana yalionyesha kwamba nilikuwa na hitilafu mbili zisizohusiana, kila moja ikiwa na chanzo chake.

Alishughulikia taa kwanza. Mafuta yalipotulia yalikuwa karibu na alama ya chini, na yalipoyumba kwenye kona boya lilishuka vya kutosha kuiwasha taa. Hakukimbilia kuongeza mafuta. Alikagua mabomba, hozi, masta silinda (pampu kuu ya breki) na silinda ndogo za nyuma akitafuta unyevunyevu, hakuona uvujaji, kisha akafungua magurudumu ya mbele na kukuta pedi zimeisha karibu kabisa. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) husogea nje na mafuta hujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake, hivyo kiwango ndani ya kopo hushuka bila tone kupotea. Alipofunga pedi mpya na kuzisukuma pistoni zirudi ndani, nilikuwa nimesimama mbele ya kopo, nikayaona mafuta yakipanda taratibu hadi karibu na alama ya juu. Iwapo mafuta yangeongezwa mapema kama ilivyopendekezwa kule kwingine, kopo lingefurika wakati huo, na mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 au DOT 4 yakimwagika hubabua rangi ya gari.

Hapa niseme jambo ambalo yeye mwenyewe alilisisitiza: taa ikiwaka huku pedali imekuwa laini au inazama hadi chini, gari lisiendeshwe tena hata kwa umbali mfupi, na ikiwaka pamoja na taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki), huenda mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma nao umeharibika, hivyo magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda na kuacha kuzunguka mapema unapokanyaga kwa nguvu.

Kwa upande wa gurudumu lililobana, alizuia magurudumu ya mbele kwa vizuizi, akainua nyuma kwa jeki na kuegemeza gari juu ya stendi, kisha akashusha leva na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono. La kulia lilizunguka bila shida, la kushoto liligoma. Alilegeza nati ya kurekebishia kebo chini ya gari, halikubadilika. Alipolitoa jicho la kebo kwenye kile kijimkono cha chuma nyuma ya drami ambacho kebo hukivuta, gurudumu likazunguka mara moja. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba tatizo limo ndani ya kebo. Kama gurudumu lingeendelea kubana, angefungua kidogo skrubu ya kutolea hewa, na kama lingeachia hapo, mshukiwa angekuwa hozi iliyovimba ndani na kuzuia mafuta kurudi. Kama lisingeachia, tatizo lingetafutwa kwenye springi na mikono ya ndani ya drami. Napenda fundi anayeacha sehemu ya gari ijieleze kabla ya kuiandikia hukumu.

Kebo ya zamani ilikuwa imepasuka ganda la nje karibu na kifundo, maji yakaingia na waya ukashika kutu. Niliuliza kama grisi au mafuta ya kulegeza kutu yangetosha. Alijibu kwamba yangeweza kuilegeza kwa muda, lakini mpasuko ungebaki na maji yangerudi palepale, hivyo kwa sehemu inayolizuia gari mlimani hakushauri njia hiyo. Alibadilisha kebo zote mbili ili mvuto uwe sawa pande zote, na breki shuu za nyuma (vipande vinavyobana drami kwa ndani) pia, kwa kuwa za upande wa kushoto zilikuwa zimeungua na kung'aa kama kioo. Vumbi la drami hakulipuliza kwa upepo wa kompresa, bali alilisafisha kwa dawa ya kusafishia breki, jambo la busara kwa mapafu ya kila aliyekuwa karibu.

Marekebisho aliyafanya kwa mpangilio niliouona sahihi: shuu kwanza, kebo zikiwa bado zimelegea, ndipo kebo. Wengi hukaza kebo ili kuficha shuu zilizolika, na matokeo yake ni kwamba mkono wa ndani haurudi mahali pake, na katika drami za aina nyingi kirekebishaji cha kujiendesha, kinachozisogeza shuu karibu na drami kadiri zinavyolika, huacha kufanya kazi.

Kuhusu kebo zenyewe, urefu na vishikizo vililingana na za asili, raba za kuzuia maji ni nene na zimekaa vizuri, na leva sasa ni nyepesi. Dosari niliyoikuta ni klipu ya upande mmoja iliyokuwa legevu, ambayo fundi aliibadilisha kwa ile ya zamani. Gereji nayo haikuniambia mapema kwamba kebo mpya hulegea kidogo baada ya kuanza kutumika. Leva ilianza kupanda juu zaidi, na nililazimika kurudi kukazwa tena. Walifanya hivyo bila malipo ya ziada, lakini taarifa hiyo ilipaswa kuandikwa kwenye risiti.

Tangu hapo magurudumu yote mawili ya nyuma yana joto linalolingana baada ya mwendo mrefu, taa huwaka ninapofungua swichi ya gari na ninapoinua leva, kisha huzimika, na swichi iliyotakiwa kubadilishwa ni ileile ya awali.