Msimamizi wa uchaguzi wa chama chetu cha wenye nyumba: nyota nne kati ya tano

Kampuni siitaji jina, maana malalamiko yangu ni madogo na sitaki yageuke kesi. Ipo hapa Sacramento, California, na kazi yake ni moja: kusimamia kura za vyama vya wenye nyumba, yaani wamiliki wa nyumba za mtaa mmoja wanaolipa ada na kuchagua bodi ya kuuendesha. Inatuma bahasha, inazipokea, inahesabu mbele ya watu, inaondoka. Mimi ni katibu wa bodi ya mtaa wa nyumba 84, cheo nilichopewa kwa sababu siku ya kugawana vyeo nilikuwa zamu ya usiku, sikuwepo kukikataa.

Kwanza niwajibu wanaouliza kama kuna haja ya kulipa mtu wa nje. Sheria ya California inayoongoza vyama hivi, Davis-Stirling, inataka msimamizi asiyeegemea upande wowote. Haisemi lazima awe kampuni. Hata mwanachama wa kawaida anaweza, mradi si mjumbe wa bodi, si mgombea, wala si ndugu wa yeyote kati yao. Kwetu tulitafuta mtu wa namna hiyo tukamkosa. Kila aliyefaa alikuwa ameshagombana na mtu kuhusu maegesho.

Tatizo letu sugu ni akidi, ile idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kushiriki ili uchaguzi uwe halali. Kanuni zetu zinadai zaidi ya nusu ya nyumba, yaani 43. Ziliandikwa enzi za kampuni iliyoujenga mtaa, na nina hakika aliyeziandika hakuwahi kukaa ukumbini saa moja jioni na watu kumi na sahani ya biskuti, akisubiri wengine thelathini ambao wako nyumbani wanaangalia mpira. Bahati nzuri hapa bahasha ya kura ikishamfikia msimamizi inahesabiwa kama mwanachama aliyehudhuria. Kwa hiyo akidi unaitafuta kwenye sanduku la posta, wiki kadhaa kabla ya mkutano, na hapo ndipo kampuni hii ilipopata nyota zake.

Bahasha ni mbili. Kura inaingia kwenye ya ndani isiyo na alama yoyote, kisha hiyo inaingia kwenye ya nje, ambayo mwenye nyumba anaandika jina na anwani yake na kusaini kwenye kona ya juu kushoto. Bila saini, kura haina mwenyewe. Kampuni ilichapisha mstari wa saini kwa rangi ya kijivu iliyofifia, mstari ambao mimi mwenyewe niliutafuta kwa miwani. Matokeo yake bahasha sita zilirudi tupu pale juu. Lakini niwape haki yao: hawakungoja siku ya mkutano kutuambia. Walizikagua kwa nje kadiri zilivyofika, wakawatumia wenyewe seti mpya, na kila Ijumaa walinitumia orodha ya nyumba ambazo bado. Hawakunitajia nani kampigia nani, hawajui, hazijafunguliwa. Orodha ile ndiyo niliyozunguka nayo mlango kwa mlango. Miaka ya nyuma tulikuwa tunamsumbua kila mtu, hata waliokwisha kupiga kura.

Pamoja na hayo, usiku wa mkutano tulikuwa na 31.

Mama aliyetumwa kusimamia alitangaza kwamba akidi haikutimia na hakuna kitakachofunguliwa. Mzee mmoja akasema, "Si ufungue tu tuone wanaelekea wapi?" Mama akaweka kiganja juu ya sanduku, akamjibu kwa upole kwamba kura haiguswi na mtu mpaka wakati na mahali pa kuhesabu. Mzee akauliza tena kwa maneno mengine. Kiganja hakikuondoka. Kwa dakika zile peke yake, pesa yetu ilikuwa halali.

Kilichotuokoa ni sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024. Ikiwa uchaguzi wa wajumbe wa bodi umekwama kwa kukosa akidi, mkutano unaweza kuahirishwa kwa siku zisizopungua 20, na utakaporudi akidi inakuwa asilimia 20 tu ya wanachama. Kwa nyumba 84 hiyo ni 17. Sisi tulikuwa na 31 tayari sandukuni, na kura iliyokwisha kupokelewa na msimamizi haitenguliwi, hivyo hakuna aliyetakiwa kupiga upya. Ila lazima wanachama watangaziwe siku 15 kabla au zaidi: tarehe, saa, mahali, majina ya wagombea, na sentensi inayosema wazi kwamba safari hii asilimia 20 inatosha.

Rasimu ya tangazo waliyonitumia haikuwa na sentensi hiyo. Kampuni ambayo haina kazi nyingine duniani! Niliwapigia, wakairekebisha siku ile ile na kuomba radhi, lakini nyota moja ilikuwa imeshaondoka. Mtu angeweza kuupinga uchaguzi wote kwa sababu ya mstari mmoja.

Jambo jingine lilikuwa gumu kuelezea kuliko yote. Ndani ya bahasha zile zile kulikuwa na kura ya pili: pendekezo la kurekebisha kanuni ili akidi ya mikutano yetu ishuke hadi robo. Usiku wa pili wajumbe wakachaguliwa, pendekezo likafa. Akidi ya asilimia 20 ni ya kuchagua wajumbe peke yake; kwa pendekezo bado tulitakiwa kufika 43. Jirani yangu Mkenya akanigeukia.

"Shemeji, kwa hiyo sisi 31 tunatosha kuchagua watu, ila hatutoshi kubadilisha karatasi?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na karatasi yenyewe inahusu kwamba hatutoshi?"

Nilicheka, ila wapo walioondoka wakiamini bodi imechakachua. Hapo kampuni ilitakiwa kuja na nusu ukurasa wa maelezo ya lugha nyepesi; badala yake mama wa watu alisoma kifungu kama kilivyo na kukunja karatasi. Angalau angegusia pesa, maana ndizo zinazowatisha watu: kupandisha ada ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 20, au kutoza mchango maalumu unaozidi asilimia 5 ya bajeti ya matumizi ya mwaka, bado kunahitaji akidi ya zaidi ya nusu ya wanachama. Hakuna atakayewaongezea ada kubwa kwa watu 17.

Wanatoa pia kura ya siri ya kielektroniki, ambayo sheria imeiruhusu tangu tarehe 1 Januari 2025 kwa mambo mengi isipokuwa kura za ada na michango. Sijaitumia, siipimi.

Mwakani tumewapa kazi tena kwa masharti mawili: mahali pa saini pawekewe kisanduku cheusi, na malipo ya usiku wa pili, ambayo safari hii tuliyakuta kwenye ankara bila kuambiwa, yaandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. La kwanza walikubali hapo hapo kwenye simu. La pili wamesema watamuuliza meneja.