Besi ya bei nafuu dhidi ya ya bei mbaya: pesa inakwenda wapi?

Pigisha gitaa la besi la Squier Affinity (Squier ni chapa ya bei nafuu ya Fender) na Precision Bass ya Fender ya Marekani kwenye bendi moja, zote zikiwa na nyuzi mpya za aina moja. Watazamaji wachache sana wataijua ya bei. Mpigaji ndiye atakayejua, na mkono utamwambia kabla ya sikio.

Sauti ya besi hutoka zaidi kwenye nyuzi, pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) na vidole, na hizi mbili zina urefu uleule wa uzi, inchi 34. Kinachopunguzwa kwenye besi rahisi ni muda wa fundi wa kumalizia. Mbao ya shingo ikikauka husinyaa, chuma cha freti (vile vipande vinavyokatiza shingo) hakisinyai, basi ncha zinachomoza na kukwaruza kiganja. Hilo ni kazi ya tupa laini na uvumilivu. Noti moja ikitoa mlio wa kukwaruza huku jirani zake ni safi, laza kipande kifupi cha chuma kilichonyooka juu ya freti tatu: kikibembea, ya katikati imenyanyuka.

Usiihukumu kabla hujaiseti. Bana uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama freti ya 7 au 8. Uwazi wa milimita 0.3 hivi kati ya uzi na freti unatosha. Ukizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, tyuni upya, pima tena. Anayezungusha kwa pupa huharibu nati ya chuma hicho. Baada ya hapo shusha uzi hadi milimita 2 au 2.5 juu ya freti ya 12. Noti ya kubana freti ya 12 ikiwa juu kuliko hamoniki yake (noti ya uzi ukiguswa tu hapo bila kubanwa), rudisha nyuma kikalio cha uzi kwenye daraja.

Shingo iliyojisokota ni vigumu kutibika. Ichungulie kutoka kichwani kuelekea mwilini, na ukiiona imejiviringa iache dukani hata kama wanakupunguzia.

Umeme ndani ni wa kawaida tu: vitufe vinavyokwaruza na jeki (tundu la waya) inayolegea, vyote hubadilishwa kwa kulehemu kidogo. Kwa mnunuzi wa bajeti napendelea pikapu ya Precision iliyogawanyika vipande viwili, kwa sababu inajifutia mvumo wa umeme yenyewe. Pikapu mbili za mtindo wa Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, huvuma ukipunguza sauti ya moja.

Kwa besi ya nyuzi nne, basi, bora salio liende kwenye amplifaya. Nyuzi tano ni habari nyingine. Uzi wa B, ule mnene unaoongezwa, hutikisika kama mara 31 kwa sekunde, na shingo legevu huumeza ukabaki mngurumo usio na noti. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huongeza urefu hadi inchi 35. Hapo sitetei besi rahisi.