Kufunga kabisa au kupumzisha: nyangumi wa bahari na dagaa wa Kigoma

Uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kuna waliouliza pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma: mbona uvuvi wa nyangumi umefungwa moja kwa moja, sisi miezi mitatu tu?

Jibu liko kwenye uzazi. Dagaa hutaga mayai kwa maelfu na hukomaa haraka. Mpe nafasi ya kuzaliana, na karabai zikiwashwa tena usiku anakuwepo. Nyangumi jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha wengi wa wale wakubwa hukaa miaka miwili mitatu kabla ya mwingine. Hapo msimu wa mapumziko hausaidii kitu. Ndiyo maana Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura mwaka 1982 kusimamisha uvuvi wa biashara, ukaanza kusimama 1986.

Ila kufunga kabisa kuliacha mlango wa uani: mkataba wa 1946 uliounda Tume hiyo unaruhusu kuua nyangumi kwa utafiti, na nyama isipotee. Japani iliutumia miaka mingi, nyama ikiishia sokoni (utafiti gani huo wa kuuzwa kwa kilo?). Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua vibali vya mpango wake wa Antaktika havikuwa kwa ajili ya utafiti wa kisayansi. Mwaka 2019 Japani ikajitoa kwenye Tume, ikarudi kuvua kibiashara kwenye maji yake.

Kwa dagaa nachagua mapumziko, maana mama anayeanika mchangani anahitaji kula. Kwa nyangumi, kufuli libaki, na mlango ule wa utafiti upigwe misumari.