Gede: nlifuata majina ya makaburini nikarudi na mkasi

Mi huwa natafuta majina ya wahusika wa hadithi zangu makaburini, msinicheke, manake nikilitunga mwenyewe linatoka kama jina la sabuni. Basi nikasema wacha niende magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili pale karibu na Watamu, pwani ya Kenya, si yameingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2024, nikajua makaburi ya maana hayakosi.

Makaburi yapo, tena yale ya kwetu pwani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, ila ukienda na kalamu ukingoja kusoma "fulani bin fulani" utangoja sana. Nlilokaa nalo mimi ni lile lenye tarehe, limechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mzee aliyetutembeza akasema wachimbaji wa mambo ya kale walilishika hilo hilo ndo wakaanza kukadiria umri wa majengo mengine. Nikaondoka na mwaka, jina sina.

Kumbe majina yako kwenye nyumba! James Kirkman, mwanaakiolojia, alipoanza kuchimba pale 1948, nyumba nyingi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani, kwa hiyo kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Taa ya Chuma, hadi Nyumba ya Ushanga wa Venice. Hebu fikiria, umejenga nyumba ya mawe, umezaa humo, umeozesha humo, halafu wajukuu wa watu wanakuja kukuita Mkasi. Nlisimama kwenye mlango wa hiyo ya Mkasi, ukuta umebaki nusu, mchwa wanapita zao kwenye kizingiti, na hadithi ikaja yenyewe: mke mkubwa kauficha mkasi ili nguo ya harusi ya mke mdogo isikatwe. Miaka mitatu sijapata kitu kama hicho nikiwa mezani.

Sasa ya maana: chukueni wa kuwatembeza, bila yeye ni kuta tu na miti. Nendeni asubuhi, mbebe maji na kitambulisho, mwananchi halipi sawa na mgeni. Na ndizi msizifiche mkobani, kima wanajua ulipoziweka kuliko wewe, yangu ilichukuliwa na zipu ikaachwa wazi.

Nyota tano. Yule mke mkubwa bado hana jina lakini, mwenye bibi yake ana jina la zamani la ajabu ajabu aniazime.