Habari zinazopandishwa kwa kura: miezi minane na tovuti ya wakazi wa Mwanza

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia tovuti ya habari inayoandikwa na wakazi wenyewe wa Mwanza, ambako yeyote mwenye simu huweka habari au picha, wasomaji wakaipigia kura ya kuipandisha au kuishusha, na iliyopata kura nyingi ndiyo hukaa juu. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na wanaoiendesha ni vijana wa kujitolea ambao sioni sababu ya kuwaanika kama dagaa mchangani. Mimi mwenyewe ni mtu wa dagaa: nakusanya mzigo upande wa Sengerema, ng'ambo ya maji, na kuuleta soko la Mwaloni, Kirumba, kwa hiyo habari kwangu huhesabika kwa nauli na magunia.

Nianze na sifa zake, kwa maana inazo. Inafunguka haraka hata kwenye simu ya bei ndogo na haimalizi kifurushi. Huandika mambo ambayo magazeti yanayotoka Dar es Salaam hayawezi kuyafuatilia: umeme umekatika Nyakato tangu saa ngapi, maji yametoka Buhongwa au bado, na Mto Mirongo unapofurika, watu wa Mabatini huwa wameshaeleza wapi hapapitiki kabla daladala hazijaanza kugeuza. Kwa habari za namna hiyo, ambazo jirani anaweza kuzihakiki kwa kutoka tu mlangoni, sijaona chombo kinachoizidi.

Tatizo huanza pale habari inapohusu mahali ambapo wapiga kura hawapo. Chukua bei ya dagaa. Uvuvi wake hutegemea giza, kwa sababu taa za wavuvi huvuta dagaa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika, mzigo hupungua na bei hupanda. Bei isiyo na tarehe, basi, haina maana yoyote kwa mnunuzi. Hata hivyo tovuti hii huweka kura mbele na tarehe nyuma, tena kwa maandishi madogo ya kijivu, na nimewahi kuona bei ya wakati wa giza ikiendelea kukaa kileleni siku kadhaa baada ya mwezi kuchomoza, kwa kuwa tu wengi walikuwa wameifurahia.

Kilichonigharimu zaidi ni picha. Asubuhi moja ilipanda habari kwamba vivuko vyote vimesimama kwa sababu ya upepo, ikiambatana na picha ya malori yaliyopanga foleni ndefu kando ya maji. Ilikuwa na kura kwa mamia, nami nikaamini, nikaacha kivuko cha kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, na kuzunguka kwa basi kupitia Usagara na Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Nilipofika, wenzangu waliovuka kwa kivuko kama kawaida walikuwa wameshanunua mzigo wote. Jioni nilipoifungua ile habari tena, niliona mama mmoja alikuwa ameandika chini yake, mapema kabisa: angalieni nyuma ya malori, nguzo zimesimama majini bila barabara juu yake. Ilikuwa ni picha ya Kigongo ya zamani, kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025. Maneno yake yalikuwa na kura zisizofika kumi, na habari ile bado ilikuwa juu.

Siwalaumu sana vijana hawa, maana ugonjwa huu ni wa aina nzima ya tovuti hizi. Digg ya Marekani, iliyoanza mwaka 2004, ilikuwa kinara wa mtindo huu hadi ilipobadilisha mfumo wake Agosti 2010 bila kuwasikiliza waliokuwa wakiijaza habari. Wengi wao walihamia Reddit, tovuti nyingine ya mtindo huohuo. Reddit nayo Juni 2023 ilishuhudia wasimamizi wa kujitolea wakifunga maelfu ya majukwaa yake kupinga ada mpya ambazo kampuni iliwatoza watengenezaji wa programu. Hapa nyumbani kulikuwa na mtihani wa namna nyingine: kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza mwaka 2018, zikiwa na ada iliyozidi shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, hata JamiiForums, jukwaa la mijadala lililokuwapo tangu 2006, ilisimama kwa muda mwezi Juni. Tovuti ya mtaa isiyo na mtaji hufa kwa ada, na yenye mtaji hufa siku inapowasahau wanaoifanyia kazi bure.

Kwa maoni yangu, tovuti kama hii itadumu iwapo itaacha kuhesabu kura zote sawasawa. Aliye Mwaloni akizungumzia bei ya Mwaloni, aliye gatini akizungumzia kivuko, maneno yao yapewe uzito kuliko ya mia moja waliolala Igoma. Tarehe ya picha iandikwe kwa herufi kubwa. Na sahihisho lipande pamoja na habari yenyewe linayoisahihisha. Haya hayahitaji fedha nyingi, na niliwaandikia waendeshaji. Walijibu kwa heshima kwamba wanalifikiria suala la tarehe. La uzito wa kura hawakuligusa.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa maji, umeme na barabara za mitaani, itumie bila wasiwasi. Kwa upande wangu, kabla ya kufunga safari ya Sengerema bado nampigia simu kijana anayeuza chai karibu na gati, naye huniambia kivuko kimetoka saa ngapi na ziwa limeamkaje.